Senti kumi yenye tundu ya Edward wa nane

SWALI: Shikamoo mhariri. Marehemu babu aliniachia senti kumi ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu katikati na pembe za tembo, imeandikwa EDWARDVS VIII 1936. Sasa jamaa mmoja ananibishia eti mfalme huyo hajawahi kutoa sarafu, kwahiyo yangu feki. Kweli? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Usiitupe kabisa hiyo! Huyo jamaa yako yuko sawa nusu tu. Edward wa nane, mfalme wa Uingereza, alirithi kiti Januari 1936 na Desemba 11 akajiuzulu ili amuoe Wallis Simpson, Mmarekani aliyewahi kuolewa na kuachika, na Uingereza walikuwa wameshachonga sarafu zake za majaribio zianze kutumika 1937, mwaka ambao angetawazwa Mei 12, basi zote zikasimamishwa zikafungiwa. Hata picha ilileta ubishi, maana kwa desturi kila mfalme anageukia upande tofauti na aliyemtangulia, baba yake aliangalia kushoto, yeye akakataa kuangalia kulia akasema upande wa kushoto ndo unampendeza. Chache zilizobaki ni mali kweli, ya dhahabu moja iliuzwa pauni milioni 1 mwaka 2020.

Huku kwetu sarafu za tundu hazikuwa na sura ya mtu, jina tu, ndo maana ziliwahi kutoka 1936 hiyohiyo. Zilitengenezwa nyingi so usitegemee utajiri. Ila nakuomba usiisugue na majivu wala ndimu, utaiharibu, iache na weusi wake hivyohivyo.