Tuanzie juu mlimani: jibu langu toka Kadutu, Bukavu

Wiki hii ninyi wa gazeti mmetuuliza sisi wasomaji kama matembezi ya watu wa mtaa kando ya mito, pamoja na haya mafunzo ya mazingira, yanasaidia kweli kulinda mito yetu, ama watu wanaenda kupiga picha tu halafu wanarudi nyumbani. Mimi niko mwalimu hapa Bukavu, komini ya Kadutu, na ninasema yanasaidia, tena sana, ila inategemea mnaanza kutembea kutoka wapi. Mkianzia chini kwenye ziwa mtaokota chupa, mtajaza magunia, na mvua ya kesho yake italeta zingine. Mkianzia juu kabisa pale maji yanapotoka, mkashuka nayo mpaka chini, hapo watu wanaanza kuona nani anamletea nani nini.

Kwa wale hawajafika kwetu: Bukavu ni milima, nyumba zimejengwa moja juu ya kichwa cha ingine, na kule Funu udongo wenyewe unatembea kidogo kidogo na nyumba zikiwa juu yake, wataalamu wanaupima miaka na miaka. Mto wetu sisi wa Kadutu unaitwa Kawa. Kiangazi ni kamto kadogo, mtoto anauruka, lakini mvua ya Novemba au ya Aprili ikipiga unageuka mwekundu na unabeba kila kitu, udongo, majivu, sasheti, viatu, mpaka mabati ya watu. Unashuka mpaka ziwa Kivu. Na ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea, ni mto Ruzizi, na huo mlango uko hapa hapa Bukavu, kwa hiyo taka ya Kadutu haina safari ndefu mpaka kwenye bwawa la Ruzizi I, lile linatupa umeme tangu mwisho wa miaka ya 1950. Plastiki imekuwa inaziba mitambo pale, watu wanaitoa kwa mikono na kwa mashine, na sisi huku tunakaa giza. Sheria iko, Kongo ilikataza sasheti za plastiki tangu mwisho wa 2017, lakini nenda sokoni leo uone.

Sasa matembezi yenyewe. Tunatoka asubuhi mapema, wanafunzi wa sekondari, wazazi wanaotaka, shefu wa avenyu, ndiye kiongozi wa mtaa, kama ana nafasi, na tunapanda mpaka kwenye chanzo, pale akina mama wanapotekea na bidoni, yaani madumu. Hatukai kwenye hotuba. Mwanafunzi anajaza chupa ya plastiki iliyo safi, anaandika juu yake "juu", anafunga. Tukifika chini, baada ya soko, mwingine anajaza ingine, anaandika "chini". Tunazipeleka darasani tunaziacha juu ya meza mpaka kesho yake bila kuzigusa. Ile ya juu inabaki inapitisha mwanga, chini yake mchanga kidogo sana. Ile ya soko inakuwa na tabaka, kwanza udongo mwekundu upana wa kidole, juu yake kitu cheusi laini ambacho ni majivu na masizi ya makaa, na maji yenyewe hayawi meupe hata ukingoje siku tatu. Mtoto aliyeona hiyo hauna haja ya kumfafanulia kwa nini tunasema udongo wa mlima unaondoka. Shamba la mtu fulani kule juu liko ndani ya ile chupa.

Kitu kingine tunafanya ni kugeuza mawe. Juu karibu na chanzo ukigeuza jiwe polepole unaona vidudu vidogo vyenye mikia mitatu nyuma, vimebana kwenye jiwe, hivyo vinataka maji safi yenye hewa, uchafu ukizidi vinakufa. Chini kwa soko hauvipati tena, unapata minyoo myekundu myembamba kama uzi, yenyewe inaweza kuishi kwenye matope yanayonuka. Hauhitaji maabara, watoto wanajua hali ya mto kwa macho yao, na wakirudi mwaka ujao wanaweza kulinganisha. Tahadhari moja tu, na hapa niko mkali: kule chini hakuna kugusa maji bila glavu, na kila mtu ananawa na sabuni mbele ya kula, kwa sababu kipindupindu huku kwetu hakijawahi kuisha.

Lakini iliyonishika mimi zaidi si maji, ni mazungumzo. Mara moja tulifika chini, mama mmoja anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, akamwona mzee tuliyeshuka naye kutoka juu, akamuuliza, "Papa, njo ninyi munatutumiaka haya matakataka?" Mzee hakukasirika. Akamwambia kwenye avenyu yao gari la kuzoa taka halifiki, njia ni ya miguu tu, na bonde liko nyuma ya nyumba, watu watatupa wapi? Mama naye akamweleza kwamba samaki wadogo wanakaa kando kando ya ziwa, na kando yenyewe ndipo matope yanapoingia. Waliongea pale muda mrefu sana, watu wanaoishi mji mmoja na kila mmoja hakuwa anajua maisha ya mwenzake. Baadaye kwenye ile avenyu ya juu salongo ya Jumamosi, ile kazi ya pamoja ya usafi, ikabadilika, badala ya kufagia barabara tu wakachimba mashimo ya kuozeshea maganda ya ndizi na majani ya mihogo, wakakata mitaro ya kupunguza mbio za maji, wakapanda matete kwenye ukingo. Plastiki bado haijapata pa kwenda, hiyo sisi raia peke yetu hatuiwezi, inataka serikali ya mji. Ila udongo umepungua, hata mama wa sambaza amekiri.

Na wanaosema mambo ya mito ni ya watu wasiokuwa na kazi, nawaomba wakumbuke Kalehe, kule kaskazini ya Bukavu kando ya ziwa hili hili. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, siku ya soko pale Nyamukubi, mvua ilipiga milimani na mito ikashuka na mawe na matope, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi vikafagiwa, watu zaidi ya 400 walikufa na wengine wengi hawakuonekana mpaka leo. Mji wa Uvira, kwenye ziwa Tanganyika, nao Aprili 2020 mto Mulongwe ulitoka njiani ukabomoa mitaa. Mvua kubwa hatuwezi kuizuia, lakini mlima uliobaki bila miti, uliolimwa mpaka ukingoni, haushiki maji hata kidogo, yanashuka yote kwa mara moja na yanashuka na mlima wenyewe. Hii ndiyo nataka kila mtoto wa Bukavu aijue kabla hajanunua kiwanja bondeni.

Tena kwenye matembezi ramani ibebwe, hata ya kuchora kwa mkono. Ruzizi inashuka kilometa kama 117 mpaka ziwa Tanganyika, Tanganyika inatokea kwa mto Lukuga, Lukuga inaingia Lualaba, ndio mto Kongo wenyewe huko juu, inapita Kindu, Kisangani, mpaka bahari kule Banana. Na mvua inayonyesha upande wa magharibi wa milima ya Kahuzi inashika njia ingine, inapita kwenye mito kama Ulindi na Lowa, nayo inaishia Lualaba hiyo hiyo. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Sasa mwalimu, batu ya Kisangani banakunywa mayi yetu?" Nikamjibu ndiyo, sehemu yake, na akaenda kumweleza baba yake.

Kwa walimu wanaotaka kuanza: msitembee siku ya mawingu mazito, Kawa na mito ya namna hii inapanda ghafla, Juni mpaka Agosti ni salama zaidi. Msingoje tarehe 22 Machi, siku ya maji duniani, au 5 Juni, siku ya mazingira duniani, wakati kila mtu anatembea. Kwenye chanzo msipande mikalitusi, inakunywa maji mengi, tafuteni miti ya kienyeji na majani yanayoshika udongo. Na mzee mwenye kukumbuka mto ulivyokuwa zamani apewe nafasi ya kusema kabla ya mtu wa mradi.

Wasomaji wa Uvira na wa bonde la Ruzizi, kama kuna shule huko inayofanya kazi hii, tuandikieni kupitia gazeti hili. Wanafunzi wangu wanataka kujua chupa ya "chini" ya kwenu inaonekanaje, na sisi tutawatumia maelezo ya ile ya "juu".