Analipwa Kucheza na Mtoto Wangu?

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka miwili na nusu, anasema maneno yasiyozidi kumi, wala hajaunganisha mawili. Tunampeleka kwa mtaalamu wa tiba ya usemi, lakini kila tukifika wanaketi sakafuni, wanapuliza mapovu ya sabuni na kupanga vipande vya mbao, mara muda umekwisha. Mume wangu anaona tunapoteza fedha, kwani kucheza anaweza kucheza nyumbani. Shangazi zake nao wanasema wavulana huchelewa kusema. Je, tuache?
Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Msiache, mama. Safari ijayo mwache mtoto, utazame mikono ya mtaalamu. Atapuliza mapovu mara moja, atakaza kifuniko, kisha atamkabidhi mtoto kichupa kikiwa kimefungwa na kunyamaza. Mtoto atakihangaikia, atamtazama usoni, pengine atasema “fu” au atamrudishia. Tiba yenyewe imo katika kimya kile, kwa sababu hapo ndipo mtoto anapopata sababu ya kumwomba mtu jambo. Sisi wazazi tuna huruma yenye haraka: mtoto hajafumbua mdomo, tumekwisha kumfungulia na kumsemea.

Mume wako, hata hivyo, amegusa jambo la kweli, kwamba muda mfupi wa kliniki hauwezi kushindana na saa zote ambazo mtoto yuko macho nyumbani. Basi mwombeni mtaalamu awafundishe nanyi, na baba aketi sakafuni pamoja nao. Nyumbani, mkimpa mtoto nafasi ya kuomba, hesabuni kimoyomoyo hadi tano kabla ya kumsaidia. Akisema “gari,” mwongezeeni neno moja tu, “gari linakwenda,” bila kumshurutisha kurudia, kwani “sema gari, sema gari” ni mtihani na mtoto huukimbia.

Kuhusu shangazi, ni kweli kwamba kwa wastani wavulana hutanguliwa kidogo na wasichana, lakini tofauti hiyo ni ndogo mno kueleza hali ya mwanao, kwa maana watoto wengi wakifika miaka miwili huwa wanaunganisha maneno mawili. Hukutaja kama masikio yake yamepimwa. Kama bado, anzeni hapo, kwa kuwa majimaji nyuma ya ngoma ya sikio huweza kufifisha sauti bila maumivu wala homa, na mtoto kugeuka mlango unapobamizwa si ushahidi kwamba anasikia maneno sawasawa.

Mambo mengine ni ya kawaida. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unampa mtoto wa umri huu usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, ukijumlisha wa mchana, dakika zisizopungua 180 za kujishughulisha kimwili, na muda wa kuketi mbele ya skrini usiozidi saa moja, ukipungua ni bora zaidi. Mimi ningeongeza kwamba runinga isiyotazamwa na mtu izimwe, maana hufunika sauti zenu.

Iwapo ataanza kupoteza maneno aliyokuwa nayo, haonyeshi vitu kwa kidole, au haitikii akiitwa jina, msingoje siku ya miadi; mrudisheni kwa daktari afanyiwe uchunguzi mpana zaidi.