Kabla Hujakata Bomba la Friji la Zamani

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii, pamoja na ninyi mnaojaribu kufufua friji la babu nyumbani kwenu, nawaandikia kwa upendo uliochanganyika na kuchoka. Juzi nilimtazama kijana mwenye mikono mizuri, anayechomelea shaba vizuri kuliko nilivyoweza mimi katika umri wake, akisimama mbele ya friji la miaka ya 1960, lile aina ya mlango mnene na kitasa cha kromu. Aliigusa kondensa, yale mabomba ya nyuma yanayotoa joto, kwa kiganja, akatikisa kichwa, akasema, "Mzee, hapa gesi hamna." Friji lilikuwa bado halijachomekwa kwenye umeme.

Mfumo wa gesi wa friji la enzi hizo ulikaushwa na kuzibwa kiwandani kwa kuchomelewa, bila valvu wala nati. Kama mfumo huo umeshikilia gesi yake tangu kabla hujazaliwa, basi ndiyo unaostahili kushukiwa mwisho. Vinavyozeeka ni vile vilivyo nje yake, yaani mpira wa mlango, themostati inayowasha na kukata umeme kufuata ubaridi, relei inayosaidia mota kuwaka, na nyaya, na ndiyo maana ukaguzi huanzia nje.

1. Anzia ukutani. Pima umeme wa soketi wakati kompresa, yaani mota inayosukuma gesi, inajaribu kuwaka, kwa sababu soketi inayoonyesha volti 230 ikiwa haina mzigo inaweza kuporomoka mota inapovuta. Kisha kagua nyaya, kwani ganda la mpira likizeeka hupukutika likikunjwa, na shaba hubaki wazi ikigusa bati. Mteja akikwambia kwamba friji linampiga shoti, usimshauri avae kandambili. Nimemsikia fundi mzima akitoa ushauri huo, tena kwa uso mkavu. Badilisha waya na uweke ethi, yaani waya wa kwenda ardhini. Friji likiwa limeletwa kutoka Marekani, kumbuka kwamba transfoma hushusha volti hadi 115 lakini haibadili hezi 50 kuwa 60, kwa hiyo mota itazunguka polepole na kupata joto kuliko ilivyokusudiwa.

2. Pima vichwa vitatu vya kompresa, yaani komoni (cha pamoja), rani (cha kuendelea kuzunguka) na stati (cha kuwashia), kabla ya kuitangaza imekufa. Kipimo cha stati na rani lazima kilingane na jumla ya vile viwili vingine: ukipata omu 12 kati ya komoni na rani, na omu 25 kati ya komoni na stati, basi stati na rani zikupe 37. Kati ya kichwa chochote na mwili wa kompresa, mita isionyeshe njia. Vipimo vikiwa sawa, mshukiwa anayefuata ni relei, na hapa ndipo vijana wengi wanapoua kompresa nzima. Relei ya zamani ina koili na kipande cha chuma ambacho hunyanyuliwa na mkondo mkubwa wa kuwasha, kisha huanguka kwa uzito wake na kukata umeme wa stati. Ukiirudisha kichwa chini miguu juu, chuma kitaangukia upande wa kuunganisha, koili ya stati haitakatiwa umeme, na itaungua huku wewe ukishangaa harufu. Weka alama ya kalamu kabla hujaichomoa. Vilevile, kompresa ikizima, ipe dakika 5 ili presha zisawazike, kwani ikilazimishwa kabla ya hapo itanguruma tu na ovalodi, swichi inayoikinga isiungue, italia "tik".

3. Msikilize mwenye friji. Hii naiandika kwa aibu, na itakuwa ndefu.

Mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliniita nyumbani kwake kutazama friji ambalo marehemu mumewe alilinunua likiwa jipya. Alinieleza vizuri, kama walimu wanavyoeleza, kwamba linawaka, linapoza kidogo, kisha linazima mapema na kukaa muda mrefu kimya mpaka maziwa yanachacha. Mimi nilikuwa na geji mpya za presha na nilitamani kuonekana nazo. Nikajibu kwamba gesi imepungua. Yeyote anayenisoma akiwa na mwaka mmoja wa kazi ameshaliona kosa: friji lenye upungufu wa gesi halipumziki. Hunguruma usiku kucha likitafuta ubaridi lisioupata, na theluji yake hushika mwanzo tu wa evaporeta, yaani bomba la ndani linalopoza, sehemu iliyobaki ikiwa tupu. Lile lilikuwa linapumzika, na lilipowaka theluji ilienea kote kwa usawa. Kila dalili ilikuwa mbele ya macho yangu, tena mwenye nyumba alikuwa ameshanisomea.

Nikakata bomba la kujazia gesi. Gesi ya R-12, ile ya mafriji ya zamani, ambayo wakati huo ilikuwa tayari haipatikani kihalali madukani, ikatoka kwa kishindo na kwa muda mrefu, na mfumo uliopungukiwa hautoi mlio wa namna hiyo. Mama akauliza, "Mwanangu, hiyo ndiyo iliyokuwa imekwisha?" Sikuwa na jibu, na badala ya kusimama hapo nikaendelea, kwa kuwa mtu akishaharibu mbele ya mteja hujikuta anafanya haraka zaidi. Nikajaza R-134a, gesi iliyokuja kuchukua nafasi yake. Sikubadilisha oili, sikuweka filta mpya ya kunyonya unyevu, na vakyumu, yaani kunyonya hewa yote kwenye mfumo, niliivuta kwa kompresa kuukuu badala ya pampu. Friji likawaka, likazima mapema vilevile. Hapo ndipo nilipozima umeme, nikaunganisha waya mbili za themostati moja kwa moja, nikawasha tena, na friji likaendelea kupoza. Themostati ilikuwa imepoteza sehemu ya gesi iliyofungwa kwenye kichwa chake cha kuhisi ubaridi, kwa hiyo ilikuwa ikikata kabla ya wakati. Jaribio hilo halihitaji kukata chochote, na lingepaswa kuwa la kwanza.

Hadithi ingeishia hapo kama ningekuwa sijaingiza R-134a kwenye oili ya madini, ile ya kompresa za zamani. Vitu hivyo havichanganyiki: oili inayosafiri na gesi hubaki kwenye evaporeta badala ya kurudi kwenye kompresa, na unyevu nilioufungia ndani uliganda kwenye mdomo wa kapilari, kale kabomba kembamba kanakoingiza gesi kwenye evaporeta. Friji lilipoza, likaacha, likapoza tena nilipopasha kapilari joto, na baada ya muda kompresa ikakwama kabisa. Nilinunua kompresa nyingine mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa hela yangu. Friji lile leo linafanya kazi, lakini mngurumo wake si ule wa zamani, na mama yule hakunificha kwamba anaukumbuka.

4. Ikiwa gesi kweli imevuja, kubali kwanza kwamba unafungua kazi kubwa. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, pamoja na marekebisho yake ya baadaye, ulipanga kuondolewa kwa R-12 kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni, na nchi zinazoendelea zilipangiwa kuiacha ifikapo 2010, kwa hiyo mtungi unaouzwa leo kwa jina hilo uutilie shaka. R-134a inadai oili ya polyesta, filta mpya na vakyumu ya pampu halisi. R-600a, gesi nyingine ya friji, inakubaliana na oili ya madini, lakini inawaka moto, na kwa kuwa presha yake ni ndogo, kompresa iliyotengenezwa kwa R-12 itapoza kwa unyonge. Kumbuka pia kwamba themostati na swichi ya taa hutoa cheche ndani ya kabati lenyewe. Wale wanaojaza gesi ya kupikia kutoka kwenye mtungi wa jikoni, nawaomba waache kazi hii wakauze matunda.

5. Noti ya hela ikifungiwa mlangoni ikatoka bila kukaza, mpira umechoka. Bonyeza swichi ya taa kwa kidole uone kama taa inazima kweli. Futa vumbi la kondensa na usogeze friji mbali na ukuta.

6. Barafu haichimbwi kwa bisibisi. Weka bakuli la maji ya moto ndani, funga mlango, nenda ukanywe chai. Evaporeta ya alumini ikitobolewa mara moja, utaijua epoksi kwa majina yake yote.

7. Usikabidhi friji siku ileile. Likiwa limesafirishwa likiwa limelala, lisimamishe kwa saa kadhaa ili oili irudi kwenye kompresa. Liwashe, weka glasi ya maji yenye kipimajoto kwenye rafu ya katikati, uliache usiku kucha. Asubuhi ukikuta maji yako kwenye nyuzi 4 na kompresa imezima yenyewe, rudisha bati la nyuma, kaza skrubu zote, zikiwemo zile mbili mnazozibakiza mfukoni, ndipo udai hela yako.