John Smith yupi?

Pole mdogo wangu. Insha yako juu ya John Smith imerudishwa kwa sababu umewachanganya watu wawili. Yule aliyefika Virginia, Marekani, mwaka 1607 na baadaye kuongoza makazi ya Jamestown alifariki 1631. Kiongozi wa chama cha Labour cha Uingereza ni mwingine kabisa: alizaliwa Scotland 1938, akafa ghafla kwa mshtuko wa moyo Mei 1994, Tony Blair akashika nafasi yake. Na yupo mwanamieleka wa Marekani, dhahabu ya Olimpiki 1988 na 1992! Kabla hujanakili chochote, tazama kwanza miaka ya kuzaliwa na kufa. Ukimtafuta yule wa Virginia mtandaoni usiandike jina tupu, ongeza Jamestown. Picha nazo zihakiki, ndizo huwaponza wengi.