Unaanza sabuni ya miche nyumbani? Nunua mizani kabla ya kitu chochote

Wewe wa Tororo uliyesema una laki nane na umeshaongea na fundi wa Katwe akuundie mashine ya kukorogea sabuni, simamisha hiyo kazi leo. Kama hujampa advansi usimpe. Orodha yako nimeisoma mara tatu, kuna mashine, kuna kalibu za chuma, kuna muhuri wa jina lako, kuna manukato, mizani sijaiona. Umeandika "kikombe cha kupimia kostiki", yaani kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Hapo moyo ukanilipuka.

Mimi niko Mbale na nilianza hivyohivyo. Nilienda semina ya siku mbili Kampala, nikalipa, jamaa mwenye maneno matamu akatufundisha kwamba jerikeni la lita 20 la mawese linakula vikombe 12 vya kostiki soda, andikeni kwenye daftari mkatajirike. Mizani hakuitaja hata mara moja, ila mihuri na kalibu za kutuuzia alikuwa nazo palepale. Mtu anayekula pesa ya watu na kuwaficha kitu kimoja kinacholinda ngozi zao, huyo mimi sijamsamehe mpaka leo. Sabuni ya semina ilitoka nzuri kweli, nikarudi nyumbani nikaagiza mashine ya 1,400,000, nusu yake mkopo wa kikundi.

Sasa sikia. Kule semina kostiki ilikuwa ya vigamba, vile vipande bapa vyeupe. Dukani kwetu siku ile kulikuwa na ya chembe tu, ndogondogo kama sukari. Nikajiambia kostiki ni kostiki, kikombe kilekile, vikombe 12 vilevile. Kumbe chembe zinashikana, haziachi nafasi katikati kama vigamba. Baadaye nilipopata mizani nikakipima kile kikombe: vigamba gramu 210, chembe gramu 255. Zidisha mara 12 uone. Nilitia zaidi ya kilo 3 kwenye mafuta ya kama kilo 18 ambayo hayawezi kumaliza hata kilo 2.6. Karibu nusu kilo ya kostiki ilibaki mle ndani haina mafuta ya kula, inasubiri mikono ya watu.

Miche ilikauka upesi, myeupe, migumu, ukiikata inavunjika kama chaki, mimi nikadhani huo ndio ubora, nikauzia majirani. Siku ya tatu shangazi yangu akanifungulia kiganja nione. Ngozi katikati ya vidole imechanika, nyekundu, na ncha za vidole zinateleza, hawezi kushika hata kijiti cha kiberiti. Hakunigombeza, alisema tu "mwanangu, hii sabuni yako inauma". Nikazunguka nyumba kwa nyumba kurudisha pesa na kuomba msamaha, jerikeni lote la mafuta likaenda, na mkopo ukabaki palepale. Mashine haikuwa na kosa lolote, ilikoroga vizuri kabisa kile nilichoitia.

Ndiyo maana nakwambia mizani, mizani, mizani. Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki. Kilo moja ya mawese inamaliza kama gramu 142, ya nazi kama 183, yale ya moo yao (mafuta ya shea) ya kina Lira kama 128. Halafu unapunguza asilimia 5 ili mafuta ndiyo yabaki, siyo kostiki, kwa hiyo mawese unatia 135, nazi 174. Kikombe kitayajuaje hayo? Nunua ya dijitali ya jikoni, inayosoma gramu moja moja mpaka kilo 5, siyo ile ya mshale, maana ukikosea gramu 20 mshale hausogei hata ukauona. Ijaribu palepale dukani kwa pakiti ya sukari ya kilo, na weka betri za akiba. Kostiki yenyewe ifunge vizuri kwenye chombo kilichoandikwa, isikae wazi, inavuta unyevu wa hewani na wewe utakuwa unapima maji, tena ile ya chembe mtoto anaweza kuidhania sukari kweli.

Vingine haviumizi kichwa. Ndoo ya plastiki nene, kamwe usitumie sufuria ya alumini, yangu ilichemka yenyewe bila moto, ikawa nyeusi na ikatoboka. Miwani ya kufunga macho na glavu ndefu ni lazima. Korogea nje. Unatia kostiki kwenye maji, usimwage maji juu ya kostiki, itakurukia. Ikikugusa osha kwa maji mengi ya bomba kwa muda mrefu, achana na hao wanaosema paka siki. Kalibu ni sanduku la mbao umetandika nailoni, basi. Kukata kisu. Kukausha wiki 4.

Ya kwanza fanya ya kilo moja tu: mawese kilo 1, kostiki gramu 135, maji gramu 270, koroga kwa mwiko wa mbao mpaka iwe nzito kama uji. Halafu kipime kwa mizani na hicho kikombe chako, kikijaa vigamba na kikijaa chembe, uniandikie zimetoka gramu ngapi.