Baba ni Mvuvi, Asbesto Aliipata Wapi?

SWALI: Assalaam alaykum, Bi. Nakuandikia kutoka Langoni, Lamu. Baba yangu ana miaka 72. Maji yalimjaa kifuani, akapelekwa Mombasa, akakatwa kinyama cha kupimwa, jawabu likaja mesotelioma, saratani ya utando wa mapafu. Daktari akamuuliza kama amewahi kufanya kazi na asbesto, yale madini ya nyuzi ya kuzuia joto. Baba akajibu hapana, yeye ni mvuvi. Kwenye faili ikaandikwa "mvuvi", basi. Ndugu zangu wanasema ni sigara zake. Ujanani alikuwa baharia wa meli kubwa, lakini hayo ni ya zamani mno. Yana maana yoyote? *Binti wa Langoni*

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanangu. Pole, na Baba mpe pole zangu. Hayo ya zamani mno ndiyo hasa ya kuuliziwa. Tangu mtu avute vumbi la asbesto hadi mesotelioma ijitokeze hupita miaka 20, mara nyingi 30 au 40, hata 50. Na sigara, pamoja na ubaya wake wote kwa mapafu, hazileti ugonjwa huu. Ndugu zako wamwache mzee apumue.

Kumuuliza mtu "umefanya kazi na asbesto?" ni kujitafutia jibu la hapana. Baharia wa miaka ya sabini nani alimtajia jina la ule unga? Muulize mikono yake ilifanya nini. Alikuwa juu sitahani au chini kwenye injini? Kama ni chini, paipu za mvuke zilivishwa nini? Ilipobidi kufungua valvu, lile vazi jeupe lilibanduliwa kwa nyundo, na vumbi lake alifagia nani? Kulikuwa na unga wa kukoroga na maji ndani ya ndoo, ukapakwa paipu kwa kiganja: aliupaka yeye, au alisimama karibu? Kamba za kuzibia mlango wa boila nani alizikata? Hata pahali alipolala muulize, maana paipu hizo zilipita mpaka juu ya vitanda.

Miaka usimlazimishe. Muulize kama ilikuwa kabla ya Mzee Kenyatta kufariki, yaani 1978, au baada. Kama kaka yako mkubwa alikuwa ameshazaliwa. Kisha fungua sanduku lake utafute kitabu cha ubaharia, kina majina ya meli na tarehe. Kama alifanya kazi Mombasa nchi kavu, taarifa ya michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, huonyesha waajiri. Na yule mwenzake wa melini, kama yu hai, mwiteni barazani. Wawili wakikaa pamoja hukumbushana mengi kuliko daktari na karatasi yake.

Breki za magari nazo zilikuwa na asbesto; kwa mtu wa Lamu, ambako magari ni haba, naona haya kuuliza, ila kama aliwahi kukaa gereji huko bara, andika. Andika pia kama aliwahi kukata au kutoboa mabati ya asbesto ya kuezekea. Kukaa tu chini ya paa zima la aina hiyo si sawa na kulikata kwa msumeno.

Jambo jingine ni Mama. Nani alikung'uta na kufua nguo za kazi za Baba? Uchunguzi uliochapishwa London mwaka 1965 ulikuta wagonjwa ambao hawakuwahi kufanya kazi na asbesto. Waliishi nyumba moja na mtu aliyefanya kazi nayo. Msimtishe, wengi waliolivuta vumbi hilo hawaugui mesotelioma. Lakini akianza kukosa pumzi, daktari wake aambiwe habari hii.

Mkikosa ushahidi wowote, ugonjwa haubadiliki jina; kilichouthibitisha ni kile kinyama. Mwombe daktari aangalie tena picha za kifua kama kuna mabaka magumu kwenye utando wa mapafu, kwani hayo ni alama ya asbesto iliyovutwa zamani.

Matibabu hayatabadilika sana kwa habari hizi. Fidia ndiyo inayozitegemea. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 kuhusu mafao ya majeraha kazini inagusa na maradhi ya kazi, lakini meli ikiwa ya kigeni mambo yanaweza kufuata sheria za kwingine, kwa hiyo muoneni wakili mapema. Mhoji Baba asubuhi, kidogo kidogo, asichoke. Andika maneno yake kama alivyoyasema, atie sahihi, mfanye nakala mbili, moja iingie kwenye faili lile lililoandikwa "mvuvi".