Moyo Unayumba: Nilichojifunza Kwenye Kigiriki cha Waebrania 11:1

Kwa miaka mingi, zamu yangu ya neno ikifika kwenye jumuiya, nilikimbilia Waebrania 11:1: "Basi imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo, ni bayana ya mambo yasiyoonekana." Kisha nawahimiza watu wasitie shaka hata chembe. Asubuhi moja mama mmoja, mumewe akiwa mwezi wa tatu kitandani, akasema taratibu, "Mzee, hakika hiyo mimi sina. Naomba, lakini moyo unayumba." Nikamwambia aongeze maombi. Jibu lile linanitia aibu mpaka leo.

Ndipo nikaanza kuchungulia Kigiriki. Panaposema "hakika" pana neno hypostasis: hypo ni chini, stasis ni kusimama. Ila usiishie kulivunja neno vipande, maana hapo ndipo wahubiri wengi tunapopotea. Angalia linavyotumika kwingine. Agano Jipya lote linalo mara 5 tu, na 3 kati ya hizo zimo humu humu Waebrania; jioni moja inatosha kuzisoma. Katika 1:3 Mwana anaitwa chapa ya "nafsi" ya Mungu, na hiyo "nafsi" ndiyo hypostasis. Sasa hapo utasema ni hisia za moyoni? Haiwezekani.

"Bayana" nayo ni elenchos, neno la kuthibitisha na kuumbua, lenye harufu ya mahakamani. Kitenzi chake kimo Yohana 16:8, Roho "atauhakikisha ulimwengu kwa habari ya dhambi". Watafsiri wetu walilenga vizuri: bayana imetoka Kiarabu, na huko bayyina ni ushahidi unaopelekwa mbele ya kadhi. Sisi tumezoea kulisikia kama "waziwazi" tu.

Nikiri kosa jingine. Nilisoma kwamba kwenye mafunjo ya kale ya Misri, yaani maandishi ya kwenye karatasi za matete, hypostasis hutokea katika nyaraka za mali, na kwamba Moulton na Milligan, watunzi wa kamusi ya Kigiriki cha Agano Jipya, walipendekeza isomwe kama hati ya umiliki. Basi! Nikahubiri "imani ni hati ya kiwanja", na kwa watu waliozungushwa miaka wakifuatilia hati, kanisa lilichangamka. Baadaye nikaipima kwenye 3:14, hati ikagoma kukaa. Pale ni "uthabiti". Siku hizi naitumia kama mfano tu, na ni mfano mzuri, kwa kuwa 10:34 inasema wasomaji wale walikuwa wamenyang'anywa mali zao.

Kwa hiyo kabla ya kamusi, anzia 10:32 usome mpaka mwisho wa sura ya 11. Mimi nilifanya hivyo nikiwa nimechelewa, kisha nikarudi kwa yule mama. Sikumtajia Kigiriki. Nilimsomea 11:9, Ibrahimu akikaa katika hema ndani ya nchi ile ile aliyoahidiwa.

Akacheka kidogo. "Kwenye hema? Na nchi ni yake?"

"Ndiyo, mama."

"Soma tena hapo."